Kabla hujaanza kozi ya unesi ya haraka, kaa chini uhesabu masaa

Kila ikikaribia mwezi wa tano simu yangu haitulii. Mara ni mama wa kanisani, mara ni kijana aliyeingia juzi tu kwa grini kadi ya bahati nasibu na bado anashangaa joto la Houston, na swali ni lile lile: dada, ile kozi ya unesi ya miezi kumi pale komyuniti koleji, kile chuo cha umma cha eneo, niingie nisiingie? Zamani nilikuwa najibu haraka haraka, ingia mdogo wangu, utatoka kwenye kuogesha wazee, mshahara utapanda, Mungu ni mwema. Siku hizi sijibu hivyo. Namuuliza kwanza kwa wiki anafanya kazi masaa mangapi, na akinitajia sitini namwambia tukae tuongee, maana hapo tatizo sio akili yake wala Kiingereza chake, tatizo ni hesabu haikubali.

Kwa ambao hawapo huku nieleze kidogo. Wengi wetu mlango wa kuingilia ni CNA, yule msaidizi wa muuguzi, sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua masaa 75 na jimbo linaweza kuongeza, kwa hiyo wiki chache tu umeshavaa skrabu unageuza wagonjwa, unaogesha, unalisha, mgongo ukikuuma unameza panadoli unarudi kazini. Juu ya CNA kuna LVN, na kozi ya miezi kumi ninayoisema ndo ya huyu, hilo ndo jina la Texas na California, majimbo mengine yanaita LPN lakini mtu ni yule yule. Huyu anagawa dawa, anafunga vidonda, anaweka katheta, anachoma insulini, na anafanya yote hayo chini ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, au daktari. Nyumbani ungemfananisha na muuguzi wa ngazi ya cheti. Juu yake tena ndo RN mwenyewe. Sasa ukiangalia takwimu za serikali za Mei 2024 CNA wa katikati alikuwa anapata karibu dola 39,500 kwa mwaka, LPN na LVN 62,340, RN 93,600. Kwa hiyo hiyo ngazi moja tu ya kutoka CNA kwenda LVN ni kama dola elfu 23 kwa mwaka, na kwa mtu mwenye watoto watatu na mama anayesubiri hela ya dawa kule Mbeya hiyo sio tofauti ndogo, ni tofauti ya kuacha kazi ya pili kabisa.

Kwa hiyo hamu naielewa, mimi mwenyewe nilipita humo humo. Kinachotuponza ni hilo neno "ya haraka". Watu wanasikia haraka wanadhani kuna vitu vimepunguzwa, kama vile kuna mada zimerukwa. Hamna. Bodi ya uuguzi ya Texas inataka kozi ya LVN iwe na masaa yasiyopungua 1,398, yaani 558 ya darasani na 840 ya klinikali, ile ya mazoezi kwa wagonjwa, na California wanataka hata zaidi ya hapo. Ukisoma mwaka mzima ni masaa hayo, ukisoma miezi kumi ni masaa hayo hayo. Kinachobanwa ni wiki zako. Chukua daftari tuhesabu pamoja: 1,398 gawanya kwa wiki 40 unapata masaa 35 kila wiki, hapo bado hujafungua kitabu nyumbani. Ongeza masaa 20 ya kujisomea, na hayo ni ya mtu anayeelewa haraka. Ongeza masaa kumi ya barabarani, Houston ni kubwa na klinikali hawakupeleki jirani na kwako. Ongeza usingizi wa masaa saba kila siku, 49. Umeshafika 114 na wiki nzima ina masaa 168, kwa hiyo umebakiwa na 54 tu, na humo ndo kuna kazi, kupika, kufua, watoto, ibada, simu za nyumbani. Ukifanya shifti tatu za masaa 12 unabakiwa na 18, inabana ila mtu anaweza kupita. Ukifanya masaa 60 kama wengi wetu tunavyofanya, umeshadaiwa sita, na hayo sita yanatoka kwenye usingizi, hayana pengine pa kutoka.

Usingizi ndo nataka niuongelee kwa kirefu maana hapo ndo nimeona watu wanaanguka.

Tulianza kozi pamoja na dada mmoja, simtaji, na nakwambia kweli darasa zima hakukuwa na mtu mwenye akili ya hesabu za dawa kama yeye. Mimi ndo alinifundisha, aliniandikia kwenye karatasi ya leso pale kantini, alichoagiza daktari gawanya kwa ulichonacho mkononi, daktari kaagiza miligramu 0.125 na kidonge ni 0.25 basi ni nusu kidonge, usihangaike. Mtihani wa hesabu za dawa alipata mia. Lakini alikuwa mama wa watoto wawili, kodi ya nyumba juu yake, na nyumbani mdogo wake yupo chuo anasubiri ada. Basi siku moja akafanya shifti ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku, mtu wa zamu ya usiku hakuja, akaombwa aendelee, akakubali maana ni ovataimu, akatoka kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na nusu yupo klinikali na sisi amenawa uso na maji ya baridi.

Akapewa mzee wa digoksini. Kwa wasioijua ni dawa ya moyo, inapunguza kasi ya mapigo, kwa hiyo kabla hujampa mgonjwa unaweka stetho kifuani upande wa kushoto chini ya chuchu unahesabu mapigo dakika nzima, sio robo, sio nusu, dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 dawa huitoi, unamwita aliye juu yako. Yeye akahesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne, akasema 64. Kidonge kikiwa tayari kwenye kikombe kile kidogo cha karatasi mwalimu akaomba stetho, akainama, akakodolea saa yake ya mkononi, chumba kimya, sisi wanne tumesimama pembeni ya kitanda, na ile dakika ilikuwa ndefu sijawahi kuona. Akainuka akasema 52. Hakupiga kelele. Akachukua kile kikombe akakiweka mfukoni kwake, akamwambia taratibu, nenda nyumbani ukalale. Ikaandikwa kwamba ni hatari kwa mgonjwa. Wiki tatu baadaye akachelewa klinikali kwa kusinzia kwenye gari pale pale parking ya hospitali, na kwa sheria za ile kozi ilikuwa inatosha, akadisko.

Sasa uniambie huyu amefeli nini. Dawa alikuwa anaijua, hesabu ndo alikuwa mwalimu wetu. Na mwalimu simlaumu hata kidogo, yule mzee alikuwa baba wa watu. Kilichomwangusha ni masaa, na masaa yale yalijulikana tangu siku anasaini fomu, ila hamna mtu aliyekaa naye akamchorea kwenye karatasi.

Ndo maana nasema kuna watu kozi ya miezi kumi inawafaa kabisa na kuna watu ni mtego. Kama una mume au mke anayebeba kodi, au huna mtoto, au umeweka akiba ya miezi kadhaa, ingia, maliza, hamna faida ya kuvuta mwaka na nusu jambo la miezi kumi. Ila kama mshahara wako ndo nguzo ya nyumba, tafuta chuo chenye ratiba ya jioni na wikendi. Itachukua muda zaidi, rafiki zako watamaliza kabla yako, na utamaliza. Huku kwetu kuna aibu fulani ya kusema nasoma polepole, sijui imetoka wapi. Mwisho wa siku leseni haiandikwi ulisoma miezi mingapi.

Na vyuo navyo vina lao. Tangazo linaandika miezi kumi kwa herufi kubwa, ila ratiba ya wiki, siku gani klinikali, inaanza saa ngapi, umbali gani, mtu anaipata siku ya orientesheni wakati ameshanunua skrabu, vitabu na stetho na ameshaacha kazi moja. Ratiba hiyo ingetakiwa iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa tangazo. Kitu kingine, uliza namba mbili, usiulize moja. Wote wanapenda kutaja asilimia ya waliofaulu mtihani wa leseni, na Texas bodi inataka angalau 80 kwa 100 ya wanaofanya kwa mara ya kwanza wafaulu, kwa hiyo namba hiyo lazima iwe nzuri. Lakini inahesabu waliomaliza tu! Tuseme darasa limeanza na watu 40, wakamaliza 20, wakafaulu 19, chuo kitakuandikia asilimia 95 na wewe utadhani ni kwema, kumbe nusu nzima wameachwa njiani na mikopo yao. Uliza wangapi walianza, wangapi walimaliza. Mtu wa ofisi akianza kuzungukazunguka kwenye kujibu hilo, umeshapata jibu.

Bado nasema komyuniti koleji ndo pa kwenda, sio vile vyuo vya biashara vinavyokupigia simu mara tatu kwa siku. Ada ni ndogo ukiwa mkazi wa eneo la chuo, na ukishajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kama una grini kadi au ni mkimbizi au umepewa hifadhi unaweza kupata Pell Granti, ambayo mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395 na hairudishwi. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hiyo hapati, asijidanganye. Halafu jambo kubwa kuliko yote, hakikisha masomo yako yanahamishika, maana kesho utataka kwenda RN, na kuna vyuo ukitoka humo chuo kingine kinaangalia transkripti yako kinasema hatuitambui, anza upya. Hilo liulize kwa maandishi kwenye chuo unakotaka kwenda baadaye, usiulize kule kunakokuuzia.

Na tafadhali sana kuhusu njia ya mkato. Januari 2023 serikali kuu ilifungua kesi dhidi ya watu 25 kwenye sakata la vyuo vitatu vya Florida vilivyokuwa vinauza diploma na transkripti za unesi za bandia, zaidi ya 7,600. Watu walinunua vyeti wakaenda kukaa mtihani, wengine wakafaulu wakawa wanafanya kazi kabisa, na baada ya pale bodi za majimbo zikaanza kunyang'anya leseni. Nimeshasikia mtu kwenye kipaimara anamnong'oneza mwenzake kwamba kuna jamaa anajua jamaa. Achana nae. Fikiria mama yako kitandani, na anayehesabu mapigo yake kanunua cheti.

Haya, mtihani wenyewe wa leseni. Unaitwa NCLEX-PN, unafanyika kwenye kompyuta, maswali kuanzia 85 mpaka 150 ndani ya masaa matano, kompyuta inakupima kadiri unavyojibu na ikisharidhika inajizima, uwe umefaulu au umefeli. Kuanzia Aprili 2023 wameongeza maswali ya kisa kizima cha mgonjwa, unasoma faili lake unaamua hatua kwa hatua. Sisi tuliokulia kwenye Necta na madesa tunapata shida hapa, maana tumezoea kukariri na kumwaga, na mtihani huu haukuulizi pumu ni nini. Unakuambia una wagonjwa wanne, mmoja analia mguu unamuuma baada ya upasuaji, wa pili sukari yake 180, wa tatu anataka kwenda chooni, wa nne ana pumu na kifua kilikuwa kinapiga miluzi asubuhi na sasa kimenyamaza, utaenda kwa nani kwanza? Mtu wa madesa anakimbilia anayelia. Kumbe aliyenyamaza ndo anakufa, miluzi imekata kwa sababu hewa haipiti tena. Hiyo huipati kwa kukariri usiku na macho mekundu, unaipata kwa kukaa na maswali mengi kila siku na kujiuliza kwa nini, na hiyo inahitaji kichwa kilicholala.

Vitu vidogo vya makaratasi nivipitie haraka. Sisi wa nyumbani wengi tulichanjwa BCG, lile kovu la begani, kwa hiyo kile kipimo cha TB cha kuchomwa kwenye ngozi ya mkono kinaweza kuvimba hata kama huna TB, halafu unapelekwa eksirei na unapoteza wiki. Omba kipimo cha damu mapema, hicho BCG haikichanganyi. Chanjo ya homa ya ini B ile ya sindano tatu inachukua miezi sita na vyuo vingi havikuruhusu kugusa mgonjwa kabla hujakamilisha, anza sasa hivi hata kama kozi ni mwakani. Kuna mtihani wa kuingilia pia, TEAS au HESI kutegemea chuo, usiuendee kama unaenda sokoni. Na maagizo ya daktari ya kwenye simu, jamani, fiftini na fifti zimeshawaponza wengi, daktari akitaja kiasi cha dawa wewe rudia tarakimu moja moja, moja, tano, mpaka aseme ndio.

Na kama nyumbani ulikuwa muuguzi wa diploma au digrii, usikimbilie kozi hii kabla hujapeleka vyeti vyako CGFNS, siku hizi wanajiita TruMerit, wale wanaokagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje, vikaguliwe, inawezekana mlango wako ni mtihani wa RN moja kwa moja. Nimemuona kaka aliyefanya kazi wodini Muhimbili miaka mingi anaanza kufundishwa kutandika kitanda. Inauma.

Najua kuna wanaosema LVN ni kupoteza muda, hospitali kubwa hazimtaki tena, nenda RN moja kwa moja. Wana hoja, kazi nyingi za LVN zipo kwenye nesingi homu na majumbani kwa wagonjwa, na kuna vitu sheria haimruhusu, kwa mfano ile tathmini kamili ya mgonjwa ni ya RN. Ila RN kwa njia ya komyuniti koleji ni miaka miwili baada ya masomo ya awali, anatomia, fiziolojia, maikrobaiolojia, na foleni ya kuingia. Mtu anayeogesha wazee usiku na mchana hana miaka minne ya kusubiri nafuu. Apande ngazi moja, apumue, ale na wanae mezani, halafu apande nyingine.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Akifariki mtu wetu hapa Houston, ndani ya siku chache tunakuwa tumechanga hela ya kusafirisha mwili mpaka Dar, tiketi za wafiwa, chakula cha matanga, na hamna anayeuliza italipwa lini. Sendofu tunachanga, kichenipati tunachanga na sare tunashona. Dada yule wa digoksini alikuwa kwenye kikoba na mimi, wote tulijua anasoma, wote tulimwona anasinzia kwenye kikao, na tulichofanya ni kumwambia pole, utashinda. Dola 700 kwa mwezi zingemtoa kwenye ile ovataimu. Kikoba chetu kina watu 22, ni dola 32 kila mtu. Nilipiga hesabu hiyo baada ya yeye kuondoka kozini, nikakaa nayo siku kadhaa silali vizuri.

Mwaka uliofuata aliporudi kuanza upya nililileta kikaoni. Tukakubaliana ni mkopo usio na riba, atarudisha akishapata leseni, na wamama watatu tukagawana siku za kuchukua watoto shule, karatasi ikabandikwa kwenye friji yake, Jumatatu fulani, Jumanne fulani, Alhamisi mimi. Nyumbani kwao alipiga simu mwenyewe akamwambia baba yake mwaka huu nitatuma nusu, mzee alinung'unika wiki mbili kisha akamwombea. Kazini akabaki na shifti mbili za wikendi. Kompyuta ilijizima swali la 85, akatoka nje analia akidhani amefeli, kumbe amepita.

Anarudisha dola 400 kila mwezi sasa. Kuna kijana wa Kigoma anataka kuanza Agosti na amekuja kuomba, na nusu ya kikao hawataki, wanasema yule dada tulimjua, huyu hatumjui, akifeli hela itarudije. Ni swali la haki na sitaki kulipuuza. Nimemwambia alete ratiba ya chuo na stabu zake za mshahara, tumchoree masaa yake mbele ya watu wote, tuone kama yanakubali. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, nyumbani kwangu, baada ya ibada.